Stata Isiyozungusha Injini: Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kuifungua

Mwenye gari anapopiga simu na kusema kwamba gari lake haliwaki, swali la kwanza la fundi linapaswa kuwa moja: ukigeuza ufunguo, injini inazunguka au haizunguki? Gari ambalo injini yake inazunguka kwa nguvu lakini haishiki moto kwa kawaida lina tatizo la mafuta, la plagi au la kompyuta, na stata, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, haihusiki. Mwongozo huu unahusu hali ile nyingine, ambapo ufunguo unafika mwisho na injini inabaki imetulia tuli, au inajikongoja nusu mzunguko na kukwama. Ninaandika nikiwa fundi umeme wa magari, na katika kazi hii nimeona stata nzima nyingi zikifunguliwa na kubadilishwa, kisha gari likaendelea kugoma vilevile kwa sababu kosa lilikuwa kwenye kipande cha waya au tamino ya betri. Jambo hilo linaniuma, kwa kuwa mwenye gari hulipia kifaa ambacho hakukihitaji, na tatizo lake bado analo.

Ili kulitafuta kosa kwa utaratibu, ni lazima kwanza kuelewa kwamba stata inalishwa na njia mbili za umeme. Njia nene hutoka kwenye kichwa chanya cha betri, hupita kwenye waya mnene hadi kwenye solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya umeme iliyo mgongoni mwa stata, huingia kwenye mota yenyewe, hutoka kupitia mwili wa injini, na kurudi kwenye kichwa hasi cha betri kwa waya wa ethi. Katika gari dogo la petroli, njia hii hubeba ampea 100 hadi 200 wakati injini inazungushwa, na injini ya dizeli hudai zaidi ya hapo. Njia nyembamba huanzia kwenye swichi ya ufunguo, hupita kwenye swichi ya gia au ya klachi, kisha kwenye rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, na kuishia kwenye waya mdogo mmoja unaochomekwa kwenye solenoidi. Kazi ya njia nyembamba ni kutoa amri, na kazi ya njia nene ni kutoa nguvu. Karibu kila dalili utakayoiona au kuisikia inaweza kuwekwa upande mmoja kati ya hizi mbili, na ukishajua ni upande upi, nusu ya kazi imekwisha.

Kabla ya kugusa chochote, weka gia kwenye P au nyutro, vuta handibreki, na hakikisha kwamba hakuna nguo wala waya unaoning'inia karibu na feni. Usivute sigara karibu na betri, kwa sababu betri ya maji ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua. Ukifikia hatua ya kufungua stata, ondoa kwanza waya hasi wa betri, kwani waya mnene wa stata hauna fyuzi katika magari mengi, na spana ikigusa waya huo na mwili wa gari kwa pamoja, itawaka moto mkononi mwako.

Mlio wa "tatatata" na taa zinazofifia

Washa taa kubwa za mbele, kisha geuza ufunguo huku mtu mwingine akizitazama taa hizo. Kipimo hiki hakigharimu kitu, lakini kinaeleza mengi. Taa zikififia sana au kuzimika, na chini ya boneti kukasikika mlio wa haraka unaojirudia, umeme hautoshi kwenye njia nene. Ndani ya solenoidi kuna koili mbili, moja ya kuvuta na nyingine ya kushikilia. Koili ya kuvuta hufanikiwa kusukuma kipande cha shaba kifunge njia, mota inadai umeme wake wote kwa ghafla, volti za betri dhaifu zinaporomoka, koili ya kushikilia inakosa nguvu na kuachia, volti zinapanda tena, na mchezo unaanza upya mara kadhaa kwa sekunde. Stata inayolia hivyo inajitahidi kufanya kazi yake, na kwa kawaida haipaswi kulaumiwa.

Pima betri kwa multimita, yaani kipima-umeme. Ikiwa gari limetoka kutembea au betri imetoka kuchajiwa, washa taa kubwa kwa dakika moja au mbili kisha uzizime, ili chaji ya juujuu isikudanganye. Betri iliyojaa na iliyotulia husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.4 imepungua kidogo, kwa 12.2 imebaki karibu nusu, na ikifika 12.0 au chini yake ni ya kuchajiwa kwanza kabla hujaendelea na kipimo chochote kingine. Hata hivyo, kipimo cha betri iliyotulia hakitoshi. Betri ambayo sahani zake zimechakaa inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imepumzika, halafu ikaanguka hadi 6 mara tu stata inapoidai umeme. Kwa hiyo acha ncha za multimita zikiwa juu ya vichwa vya betri, mwambie msaidizi ageuze ufunguo, na usome namba inayojitokeza wakati huohuo. Ikishuka chini ya volti 9.6 katika hali ya hewa ya joto kama yetu, huku betri ikiwa imechajiwa vizuri, tatizo ni betri, isipokuwa injini yenyewe imekwama au mota ya stata ina shoti.

Ikiwa betri inashikilia volti 10 na zaidi lakini mlio unaendelea, usihame hapo haraka. Weka ncha moja ya multimita katikati ya kichwa cha risasi cha betri na nyingine juu ya tamino inayokibana, halafu piga stata. Vitu hivi viwili vinagusana, kwa hiyo ungetegemea usomaji wa karibu na sifuri. Nimewahi kusoma volti 4 kati yake, kwenye tamino iliyoonekana safi kabisa kwa macho. Utando mwembamba wa rangi ya kijivu ulikuwa umejificha ndani, mahali ambapo chuma kinakumbatia risasi. Fungua tamino zote mbili ukianza na hasi, osha ule unga mweupe au wa kijani kwa maji ya uvuguvugu yaliyokorogwa magadi kidogo, ukiwa mwangalifu kwamba maji hayo hayaingii ndani ya betri. Kisha sugua kichwa na tundu la tamino kwa msasa hadi vyote viwili ving'ae, kaza, na upake grisi kwa nje. Kuzungusha tamino kwa mkono hadi gari liwake, kama madereva wengi wanavyofanya, kunakwangua utando huo kwa siku moja au mbili tu.

Mlio mmoja wa "tak", kisha kimya

Hapa ndipo stata inapoanza kushukiwa kwa haki, lakini bado zitazame taa. Solenoidi ikigonga mara moja na taa zikabaki na mwanga wake uleule, umeme mkubwa haukupita: amri ilifika, solenoidi ikasogea, lakini njia ya kuelekea kwenye mota imekatika mahali fulani. Solenoidi ikigonga na taa zikazama kabisa, na betri umeshaihakiki kuwa nzima, umeme unapita kwa wingi lakini haufanyi kazi, na hapo fikiria mota yenye shoti au injini iliyokwama.

Katika hali ya kwanza, mshukiwa mkuu ni vipande vya shaba vilivyo ndani ya solenoidi. Kwenye stata za Denso zenye gia za kupunguza mwendo, zilizofungwa katika Toyota nyingi zinazotembea barabara zetu, solenoidi ina vipande viwili vya shaba vilivyosimama na kisahani kimoja kinachokuja kuviunganisha. Kila mara unapowasha gari, cheche hula shaba kidogo. Baada ya miaka, kipande kimoja huwa kimeliwa na kubaki na umbo la mwezi mwandamo, kisahani kinakifikia kwa shida, na hapo huanza ile tabia ambayo wenye magari huieleza kwa maneno yaleyale: leo linawaka mara moja, kesho unageuza ufunguo mara tano ndipo linakubali, keshokutwa mara kumi. Vipande hivi huuzwa vyenyewe, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima, na kuvibadilisha ni kazi ya kufungua boliti chache za kifuniko cha solenoidi stata ikiwa mezani. Fundi akikwambia kwamba stata ya aina hii "imekufa" bila kukuonyesha vipande hivyo, mwombe akifungue kifuniko mbele yako.

Mshukiwa wa pili ni kaboni, yaani vile vijiti vinavyosukumwa na springi kugusa komuteta, sehemu ya shaba ya mota inayozunguka. Zikiisha au zikinasa ndani ya vishikizo vyake, mota haipati umeme. Dalili yake inayojulikana ni kwamba ukigonga mwili wa stata taratibu kwa mpini wa nyundo huku mtu akigeuza ufunguo, mota inazunguka ghafla. Kugonga huko kukifanya kazi, kichukulie kuwa ni kipimo na wala si matengenezo, na ulipeleke gari gereji siku hiyohiyo. Usigonge kwa nguvu, kwa kuwa baadhi ya stata zina sumaku za kudumu ndani badala ya koili, na sumaku hizo hupasuka.

Kabla ya kuifungua stata, hata hivyo, pima kama nguvu inaifikia. Weka ncha nyekundu ya multimita kwenye kichwa chanya cha betri, na ncha nyeusi kwenye boliti nene ya stata inayopokea waya kutoka betri, ambayo mara nyingi huitwa nambari 30 kufuatana na mfumo wa Kijerumani wa kuzipa namba sehemu hizi. Piga stata na usome. Waya mzima unapaswa kupoteza kiasi kisichozidi volti 0.5. Halafu hamishia ncha nyekundu kwenye mwili wa stata na nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri, upige tena. Upande huu wa ethi usipoteze zaidi ya volti 0.2 au 0.3. Hasara hizi huonekana umeme unapopita tu, kwa hiyo kupima waya kwa kipimo cha omu (ukinzani wa waya), gari likiwa limezimwa, hakusaidii: waya uliobaki na nyuzi tatu utaonekana mzima kwenye omu, lakini hauwezi kubeba ampea 150. Na ikiwa solenoidi inagonga tu na mota haizunguki, umeme mwingi haupiti, kwa hiyo hasara ndogo uliyoisoma haithibitishi kuwa waya ni mzima. Katika hali hiyo soma pia volti zilizopo kwenye boliti ya pili ya solenoidi, ile inayoingia kwenye mota. Boliti ya kwanza ikiwa na volti 12 na ya pili ikiwa na sifuri wakati solenoidi imegonga, vipande vya shaba ndivyo vilivyokwisha. Boliti zote mbili zikiwa na volti 12, mwili wa stata ukiwa na ethi nzuri, na mota ikabaki kimya, kosa liko kwenye kaboni au ndani ya mota.

Ethi: kosa linalosahauliwa zaidi

Kuna gari moja dogo la kubeba samaki ambalo nitalikumbuka daima. Lililetwa kwangu likizungusha injini polepole, kwa uvivu, kama injini iliyojaa matope. Mwenyewe alikuwa amekwisha kununua betri mpya, na stata ilikuwa imebadilishwa mara mbili kwingine. Alichonieleza kama jambo la pembeni ndicho kilichonipa jibu: kila akijaribu kuwasha kwa muda mrefu, kanyagio la mafuta lilikuwa gumu na kulikuwa na harufu ya plastiki inayoungua. Nilishika kebo ya mafuta iliyokuwa ikiingia kwenye injini, nikaondoa mkono haraka, kwa maana ilikuwa ya moto. Niliweka ncha moja ya multimita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye mwili wa injini, nikaomba apige stata, na nikasoma karibu volti 4. Chini, kati ya injini na bodi, utepe wa shaba uliosukwa ulikuwa umeliwa na chumvi ya maji ya samaki hadi kubaki uzi wa kijani. Umeme wa stata, kwa kukosa njia yake ya kurudi, ulikuwa unapita kwenye kebo ya mafuta. Niliweka waya mpya wa ethi, nikasugua bodi hadi chuma kitupu mahali unapofungwa, na injini ikazunguka kwa mpigo mmoja.

Kwa magari yanayoishi pwani, au yanayobeba samaki na chumvi, ningeanza na kipimo hiki cha ethi kabla ya kingine chochote. Njia ya haraka ya kukihakiki ni kuchukua waya mmoja wa kubustia, kuufunga kutoka kichwa hasi cha betri hadi kwenye chuma kitupu cha injini, na kujaribu kuwasha. Injini ikizunguka vizuri ghafla, umekwisha kumpata mhalifu.

Kimya kabisa

Ufunguo unageuzwa, taa za dashibodi zinang'aa, na hakuna mlio wowote. Sasa hamia kwenye njia nyembamba. Tafuta waya mdogo unaochomekwa kwenye solenoidi, ule wa nambari 50, na umguse kwa multimita au testa yenye taa wakati msaidizi anageuza ufunguo. Ukiona volti karibu na zile za betri na solenoidi haisogei, koili ya solenoidi imekatika, au stata haina ethi. Ukiona volti 6 au 7, mahali fulani njiani kuna mgusano uliochakaa, na mara nyingi ni ndani ya swichi ya ufunguo. Ukiona sifuri, amri haifiki, na hapo rudi nyuma hatua kwa hatua.

Anza na yaliyo rahisi. Katika gari la otomatiki, hamisha gia kutoka P kwenda N na ujaribu tena, kwani swichi ya gia inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye D huchakaa na kupoteza mahali pake. Gari likiwaka kwenye N pekee, jibu umelipata. Katika gari la gia za mkono lenye swichi ya klachi, kanyaga klachi hadi chini kabisa na uangalie kama kipira kidogo kinachoibonyeza swichi hiyo bado kipo, maana kipira hicho huoza na kuanguka kwenye zulia. Kisha kagua fyuzi. Katika Toyota nyingi fyuzi iliyoandikwa AM2 ndiyo inayolisha upande wa kuwashia. Rilei ya stata unaweza kuijaribu kwa kuibadilisha na nyingine ya aina ileile iliyo kwenye boksi hilohilo, kwa mfano ile ya honi, mradi namba na miguu yake vifanane.

Kwa magari ya kubonyeza kitufe, tazama kama taa za breki zinawaka unapokanyaga. Kompyuta ya gari la aina hiyo hairuhusu stata kuzunguka isipopata taarifa kwamba breki imekanyagwa, na swichi ndogo ya taa za breki inatosha kulilaza gari zima. Betri ya rimoti iliyoisha nayo huleta kimya kilekile; magari mengi hukubali ukiigusisha rimoti kwenye kitufe huku umekanyaga breki.

Usisahau vifaa vilivyoongezwa baadaye. Alamu na trakera za magari ya teksi au ya mkopo mara nyingi hufungwa kwa kukata waya wa stata na kupitisha umeme kwenye rilei ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Viungo vya waya vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe hulegea. Nikikutana na gari lenye kimya cha kuja na kuondoka, huuliza kwanza kama lina kifaa cha aina hiyo na nani alikifunga.

Sauti zinazoonyesha makosa ya chuma

Stata ikizunguka yenyewe kwa mlio mwembamba wa kasi huku injini haitikisiki, bendeksi, yaani gia ndogo ya stata inayoingia kwenye meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), haishiki: ama klachi yake ya upande mmoja imeisha na inateleza, ama meno ya flaiwili yamekatika mahali hapo. Ili kutofautisha, zungusha injini kidogo kwa spana kwenye puli ya krenki na ujaribu tena. Ikishika sasa, lililoharibika ni jino la flaiwili, na matengenezo yake ni makubwa kwa sababu gia boksi lazima ishushwe.

Spana hiyohiyo hutoa jibu la swali jingine muhimu. Injini isipokubali kuzungushwa kwa mkono hata plagi zikiwa zimetolewa, tatizo si la umeme hata kidogo. Gari lililozimika ndani ya maji ya mafuriko, kama yale ya bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam wakati wa masika, lisipigwe stata kabisa. Maji yaliyoingia ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, na kulazimisha hupinda mikono ya pistoni. Toa plagi kwanza, ndipo uzungushe injini ili maji yatoke.

Lipo pia gari linalowaka vizuri asubuhi, lakini ukizima kwenda dukani na kurudi baada ya dakika kumi, linagoma hadi lipoe. Joto la injini huongeza ukinzani wa koili na nyaya, na stata iliyochoka huonyesha udhaifu wake hapo. Kagua kama oili inavuja kutoka kwenye kifuniko cha valvu na kudondokea stata, kwa sababu oili ikichanganyika na vumbi la kaboni hugeuka matope yanayoziba kila kitu ndani. Ukibadilisha stata bila kuziba uvujaji huo, mpya nayo itafuata njia ileile.

Ikibidi kweli kununua stata, na wengi wetu tunanunua zilizotumika kutoka Japani kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye mwili wake, idadi ya meno ya bendeksi, na mahali pa matundu ya boliti. Mwombe muuzaji aijaribu kwa betri mbele yako huku imebanwa imara, kwa maana hurusha mwili wake inapoanza kuzunguka: bendeksi itoke nje kwa ukamilifu, mota izunguke bila kukwaruza, na amri ikikatwa bendeksi irudi mara moja. Ukishaifunga kwenye gari, rudia kile kipimo cha volti kwenye nyaya mbili nene, chanya na ethi, injini ikizungushwa, na uziandike namba hizo kwenye kipande cha karatasi utakachokihifadhi ndani ya gari, ili siku stata itakapoanza tena uvivu fundi ajue ilianzia wapi.